Uuguzi ukubwani: safari ni fupi, mzigo ni uleule



Katika familia nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa yupo kaka, dada au shemeji aliyeko Marekani. Aliondoka hapa na shahada yake ya biashara, ya ualimu au ya sayansi ya jamii. Kule shahada ile haikumfungulia mlango alioutarajia, akaingia katika nyumba za kutunzia wazee kama muuguzi msaidizi: anaogesha, analisha, anageuza wagonjwa vitandani. Baada ya miaka kadhaa anapiga simu nyumbani na kusema kuwa ameona chuo kinachotoa shahada ya uuguzi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, naye anataka kuomba nafasi. Anauliza: mnaonaje?

Swali hilo si la mtu mmoja. Akiacha kazi ili asome, ada za watoto na dawa za mama zinazotegemea fedha anazotuma zitayumba. Akishindwa katikati, deni litabaki na cheti hakitakuwepo. Kwa hiyo leo safu hii inazungumza nawe unayefikiria kubadili kazi ukubwani, na pia nawe ndugu yake unayeombwa ushauri. Jibu langu kama tabibu ni hili: jambo hilo linawezekana, na kazi yenyewe inahitaji watu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025, lilikadiria kuwa dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Lakini ombi la kujiunga halianzi siku unayojaza fomu. Linaanza mwaka mmoja kabla yake, na mwaka huo ndio unaoamua.

MASOMO HAYA NI YA NAMNA GANI?

Nchini Marekani vipo vyuo vikuu vingi vinavyotoa shahada ya kwanza ya uuguzi kwa kasi, kwa ajili ya watu ambao tayari wana shahada ya fani nyingine. Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, kilianzisha mpango wa namna hii mwaka 1971, na vyuo vingine vikafuata. Kwa kawaida masomo huchukua miezi 11 hadi 18, wakati mwanafunzi anayetoka sekondari huchukua miaka 4.

Ufupi huo unatoka wapi? Wengi hudhani kuwa masomo yamepunguzwa. Sivyo. Kinachoondolewa ni yale masomo ya jumla, kama vile lugha na historia, ambayo ulikwisha kuyasoma katika shahada ya kwanza. Uuguzi wenyewe unabaki kama ulivyo, ila likizo ndefu zinafutwa na wiki inajaa: darasa, maabara, wodi, mtihani, kisha inaanza nyingine. Mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN ni mmoja kwa aliyesoma mwaka mmoja na kwa aliyesoma minne. Ni sawa na kubeba gunia la mchele kwa safari moja badala ya kulipunguza na kwenda mara nne. Safari zimepungua, uzito haukupungua.

Ifahamike kuwa wapo watu wawili ambao njia hii si yao. Wa kwanza ni yule ambaye tayari ni muuguzi aliyesajiliwa huku nyumbani. Huyo hana haja ya kuanza upya: vyeti vyake hukaguliwa kwa utaratibu wa bodi ya uuguzi ya jimbo analotaka kufanyia kazi, na akiruhusiwa hufanya mtihani uleule wa leseni. Wa pili ni mwenye stashahada tu. Sisi matabibu wa stashahada, hata tuwe tumetibu miaka kumi, hatuingii kwa mlango huu, kwani sharti la kwanza ni shahada. Kwa huyo vipo vyuo vya jamii vinavyofundisha uuguzi kwa takriban miaka 2, navyo huishia katika mtihani huohuo.

VYETI NA SAYANSI

Kazi ya kwanza ya mwaka wa maandalizi ni vyeti. Shahada iliyotolewa nje ya Marekani hufanyiwa tathmini na taasisi kama WES, somo kwa somo, ili chuo kijue alama zako zina thamani gani kwao. Mara nyingi chuo ulichosoma hutakiwa kutuma nakala ya matokeo moja kwa moja, si wewe. Hapo ndipo ndugu aliyeko nyumbani anaposaidia kweli: afike ofisi ya msajili, alipe kinachotakiwa, afuatilie. Aidha, tazama majina. Kama cheti kinasema Mwanahamisi Juma na pasipoti inasema Mwanahamis Juma Ally, tengeneza hati ya kiapo mapema. Herufi moja inaweza kukukosesha msimu mzima wa maombi.

Kazi ya pili ni masomo ya sayansi. Vyuo vingi hudai anatomia na fiziolojia kwa sehemu mbili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi na lishe, na sayansi hizo ziwe na kazi za maabara. Hapa ndipo waombaji wengi wa umri mkubwa wanapokwama, kwa sababu vyuo vingi havikubali sayansi iliyosomwa zamani. Vingine vinataka iwe imesomwa ndani ya miaka 5, vingine 7, vingine 10. Biolojia uliyofaulu kidato cha sita haitoshi. Tena masomo haya hayasomwi yote kwa pamoja, kwani sehemu ya kwanza ya anatomia lazima itangulie ya pili. Ukiyapanga vizuri katika chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu na madarasa ya jioni yapo, yatakula karibu mwaka mzima huku ukiendelea na kazi yako.

Wastani wa alama unaotakiwa na vyuo vingi, yaani GPA, ni 3.0 kwenda juu. Kama shahada yako ya zamani ina wastani mdogo, usikate tamaa haraka. Vipo vyuo vinavyotazama zaidi alama za sayansi ulizosoma karibuni. Mtu aliyepata C ujanani na A mbili akiwa na miaka 38, huku akilea watoto, ameonyesha jambo ambalo cheti cha zamani hakikuweza kulionyesha.

Vyuo vingine huongeza mtihani wa kuingilia. Uliozoeleka ni TEAS, wenye maswali 170 kwa dakika 209, katika kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Usiidharau hesabu. Mgonjwa ameandikiwa dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8: hiyo ni mililita 125 kwa saa. Kama mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita, utahesabu matone 42 kwa dakika. Ukikosea kuweka nukta katika dawa ya mtoto mchanga, hakuna kufuta kwa ufutio. Ndiyo maana hesabu ya dozi inapimwa tangu mlangoni na inapimwa tena chuoni.

IJUE KAZI KABLA HUJAIOMBA

Kama hujawahi kufanya kazi na wagonjwa, usilipe ada kabla ya kuwaona. Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka muuguzi msaidizi wa nyumba za wazee apate mafunzo ya angalau saa 75, na yapo majimbo yanayotaka zaidi. Mafunzo hayo ni kipimo cha bei nafuu. Ndani ya miezi michache utajua kama mgongo wako unaweza kuhimili zamu ya saa 12, kama pua yako inaweza kuvumilia kidonda kilichooza, na kama moyo wako unaweza kumsikiliza mzee anayeuliza swali moja mara ishirini.

Wapo Waislamu wanaorudi nyuma kwa kuhofia najisi: damu, mkojo, haja kubwa. Najisi huoshwa. Glovu zipo, maji yapo, nguo ya kubadilisha unaweza kuiweka katika mkoba kwa ajili ya sala. Kumtakasa mtu asiyejiweza ni kazi yenye heshima, na wanawake wa Madina waliifanya kabla yetu. Rufaida al-Aslamiyya anakumbukwa kwa hema lake msikitini mwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ambamo aliuguza majeruhi wa vita vya Handaki, akiwemo Saad bin Muadh.

Uzoefu huu utakusaidia pia katika barua ya kujieleza, ambayo karibu kila chuo huitaka. Waombaji wengi huandika kwamba wanapenda kusaidia watu. Hata muuza duka anapenda kusaidia watu. Wasomaji wa barua hizo wanatafuta mambo matatu: kwa nini uuguzi na si kazi nyingine ya afya, kwa nini sasa, na ushahidi kwamba unajua unachokiomba. Ukiwa mhasibu, eleza kwamba umezoea kukagua tarakimu mara mbili, na kwamba siku ulipomwona muuguzi akikagua jina la mgonjwa, dawa, dozi, njia na muda kabla ya kuchoma sindano, ulitambua nidhamu unayoijua. Ukiwa mwalimu, eleza jinsi ulivyomfundisha mgonjwa wa kisukari kutazama nyayo zake kila jioni. Usiisimange kazi yako ya zamani. Ndiyo mtaji unaokuja nao.

Barua za kukupendekeza nazo ziombwe mapema, kutoka kwa mwalimu wa sayansi aliyekufundisha karibuni na kwa msimamizi wa kazi anayekujua. Barua ya imamu au mwenyekiti wa jumuiya ni nzuri, ila haichukui nafasi ya hizo mbili.

CHANJO NA VIPIMO

Kabla ya kuingia wodini utatakiwa kuonyesha kinga ya homa ya ini aina ya B, surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga na pepopunda, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Chanjo ya kawaida ya homa ya ini B yenye dozi 3 huchukua miezi 6 kukamilika. Anayeanza baada ya kupata barua ya kukubaliwa huweza kuchelewa. Anza katika mwaka wa maandalizi.

Kuna jambo moja la kifua kikuu linalotuhusu sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki. Wengi wetu tulichomwa BCG utotoni, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu hiyo hata kama huna maambukizi. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG. Kipimo hicho kikionyesha maambukizi, usifiche na usifadhaike: utapigwa picha ya kifua, na maambukizi yaliyolala yana dawa.

CHUO CHA KWELI NA CHUO CHA KARATASI

Haraka ya kupata cheti ina wafanyabiashara wake. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 waliohusishwa na uuzaji wa zaidi ya diploma bandia 7,600 za uuguzi kutoka shule tatu za Florida. Walionunua walipata karatasi bila kukanyaga wodi. Takriban 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa leseni, na bodi za majimbo zikaanza kuwasaka na kuwafutia. Fikiria mtu aliyetumia akiba ya familia kununua karatasi hiyo, na fikiria pia mgonjwa aliyelala mbele yake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata dola moja, hakikisha mambo matatu. Bodi ya uuguzi ya jimbo inakitambua chuo. Mpango wenyewe una ithibati ya CCNE au ACEN. Na kiwango cha wahitimu wake kufaulu NCLEX-RN kwa mara ya kwanza, ambacho bodi nyingi hukichapisha kila mwaka, si cha aibu. Kisha ongeza swali la nne kwa chuo chenyewe: kati ya wanaoanza, wangapi humaliza? Chuo kizuri hakikasiriki kwa swali hilo. Chuo kinachokuharakisha ulipe leo kabla nafasi haijaisha, kiogope.

FEDHA

Hapa wengi hushtuka. Ruzuku ya Pell, ambayo mwanafunzi hairudishi, hutolewa kwa wasio na shahada ya kwanza. Wewe unayo, hivyo huipati. Aliyeko kwa viza ya mwanafunzi hapati msaada wowote wa serikali ya shirikisho. Mikopo ya serikali kwa wanaostahili ina riba, na hilo ni jambo la kumuuliza mwanachuoni unayemwamini kabla ya kutia saini, si baada.

Milango mingine ipo. Mpango wa serikali uitwao Nurse Corps hulipa ada na posho kwa wanaochaguliwa, na mhitimu hulipa kwa kufanya kazi angalau miaka 2 katika kituo chenye upungufu wa wauguzi. Ushindani wake ni mkubwa. Baadhi ya hospitali husomesha wafanyakazi wao kwa mkataba wa kubaki nao. Vyuo vya umma kwa wakazi wa jimbo husika huwa nafuu kuliko vya binafsi. Katika hesabu yako weka pia vitabu, sare, chanjo, usafiri wa kwenda hospitali za mafunzo, na ada ya NCLEX-RN, ambayo ni dola 200.

Hesabu ngumu kuliko zote ni ya mshahara utakaokosekana. Vyuo vingi huwashauri wanafunzi wasifanye kazi kabisa katika miezi hiyo. Basi kaa na mkeo au mumeo, kisha wapigie wazazi mwaka mmoja kabla. Waambie: kwa miezi 15 nitatuma kiasi hiki, si kile. Wengi hawasemi kwa kuona haya, kisha simu ya dharura inaingia usiku wa kuamkia mtihani. Nawe uliyeko nyumbani, kama umeombwa ushauri na ukasema "nenda kasome", ujue umekubali pia kupungukiwa kwa muda. Huo ni mchango wako katika shahada ile.

SARE, SALA NA USAFI

Uliza habari za sare kabla ya kukubali nafasi. Hijabu kwa kawaida si tatizo kwa usafi ikiwa ni fupi, imechomekwa vizuri, inafulika na inabadilishwa kila siku kama sare. Penye mjadala ni mikono ya nguo. Muuguzi hutakiwa kusafisha mikono katika nyakati tano zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mkono wa nguo unaoning'inia hupeleka vijidudu kitanda hadi kitanda. Suala hili lilijadiliwa Uingereza, na mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2010 ukataja mikono ya kuvaa na kutupa kwa wanaotaka kujisitiri. Kwa hiyo lina ufumbuzi. Liulize kwa adabu na kwa maandishi.

Zamu ya mchana mara nyingi huanza saa 1 asubuhi na kuisha saa 1 usiku. Adhuhuri na Alasiri zitaingia ukiwa kazini. Panga na mwenzako wa zamu, mpokezane dakika chache. Mgonjwa asiachwe peke yake, na sala isiachwe.

MWISHO WA SAFARI

Ukihitimu, utafanya NCLEX-RN kwa kompyuta. Tangu Aprili 2023 mtihani huo una maswali kati ya 85 na 150, kwa muda usiozidi saa 5, na maswali mengi hupima uamuzi: wagonjwa wanne wako mbele yako, unaanza na yupi? Swali hilo halijibiwi kwa kukariri. Na kama siku moja utataka kurudi kufanya kazi Tanzania, leseni ya Marekani haikutoshi peke yake. Utapita Baraza la Uuguzi na Ukunga ili usajiliwe.

Ndugu msomaji, usiulize tu kama umri umekupita. Jiulize kama una mwaka mmoja wa kujiandaa kimyakimya: vyeti vikaguliwe, sayansi zisomwe upya, chanjo zikamilike, wagonjwa uwaone, familia iambiwe ukweli. Baada ya mwaka huo, mwenye kufaa atajaza fomu akijua anachokiomba. Na atakayegundua kuwa uuguzi si kazi yake, atakuwa amelijua hilo kwa gharama ya masomo machache ya jioni, akiba yake ikiwa salama na kazi yake ikiwa bado mkononi.

Wabillahi tawfiiq.